Pwantere na Bidoni za Mawese

Ukimwazima Papa Pwantere jembe, kabla hajalima nalo hata tuta moja alikuwa amekwisha kulichora kwa chaki kwenye mpini. Ilikuwa alama ndogo tu, upande usioshikwa na mkono. Langu alilichora mguu wa kuku, kwa sababu katika Kingi yote mimi ndiye niliyefuga kuku wengi, na wengi wao walikuwa wakishinda shambani kwake. Jioni jembe lilirudi limeoshwa, likisindikizwa na viazi vichache au fungu la maharagwe mabichi. Sikuwahi kupokea chombo kitupu kutoka nyumba ile.

"Kitu ya muntu iko mugeni," alisema. "Unaiosha, unaichunga, unaisindikiza mpaka kwao. Na isirudie tupu."

Nilimpenda upesi, lakini msidhani alikuwa hachoshi. Alichosha sana. Ukimtembelea hakukukaribisha mara moja. Kwanza macho yake yalikuzunguka: kikapu hiki umebeba cha nani, mwavuli huu si wa katekista, na huyo mbuzi aliyekufuata njiani ana mwenyewe? "Iko ya nani?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Watoto wa Kingi walimwigiza kutwa nzima. Wakikutana na jiwe njiani waliuliza, "Iko ya nani?" wakavunjika mbavu kwa kicheko. Yeye alicheka pamoja nao, kisha akawauliza kwa dhati kabisa kama jiwe lile halikutoka kwenye ukuta wa mtu.

Jina la Pwantere alirudi nalo kutoka Katanga. Pwantere ni mtu wa stesheni anayepita kando ya treni iliyoingia, anasoma herufi na namba ubavuni mwa kila wagoni na kuweka alama: hii ni yetu, hii ni ya wenzetu, hii imeingia jana, hii ilitakiwa iwe imekwisha kuondoka. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, na sehemu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa Sakania, mpakani, pale reli ya Kongo inapokutana na reli ya Waingereza. Vita vya wazungu vilipokwisha alirudi milimani kwetu akiwa mjane, na binti yake mdogo, sanduku la mbao, nyundo yenye mpini mrefu, na chaki zisizokwisha. Sijui chaki zile alizipata wapi. Nashuku shule ya misheni inajua.

Reli haijafika Masisi, na mtu akiniambia itafika nitamwonyesha milima yetu. Kwa hiyo kila tulichokijua juu ya treni tulikijua kwa mdomo wake, tukiwa barazani tunachambua maharagwe. Mimi nilikuwa nimedhani treni ikifika mpakani inasimama na kugeuza, basi, imekwisha. Nilipomwambia hivyo aliweka ungo chini.

"Hapana, jirani. Kichwa ya treni njo inarudia. Wagoni inapita. Makaa inatoka kule kwa Waingereza, inakuya mpaka ku moto ya kuyeyusha shaba, bila muntu kuihamisha. Sasa ile wagoni iko kwetu, lakini haiko yetu. Unaelewa?"

Nilielewa. Nilikuwa nimewahi kukaa na watoto wa dada yangu.

Wagoni ya wenzenu, alinieleza, ikilala kwenu ninyi ndio wenye kuiangalia. Mnatia mafuta kwenye magurudumu, mnatengeneza mlango uliovunjika, na kila usiku inaolala kwenu mnaulipia, ili msijisahau mkaizoea. Hamruhusiwi kuizungusha huku na huko kwa shughuli zenu wenyewe. Mkiitia mzigo, uwe ni mzigo unaoelekea kwao. Iliyoleta makaa ilishuka na shaba. Pwantere aliyeona wagoni ya mgeni imesimama pembeni bila mzigo wala safari alijisikia vibaya mwilini, kama mtu aliyemwona mgeni wake amekaa jikoni peke yake.

Upande wa pili wa mpaka alikuwako pwantere mwenzake, mtu wa reli ya Waingereza, mwenye lugha ambayo Papa hakuijua hata neno. Treni ilipofika walitembea pamoja, mmoja kulia, mmoja kushoto, wakiisikiliza. Papa aligonga gurudumu kwa nyundo, na mwenzake akajibu kwa kugonga la upande wake. Aliyeona jeraha aligonga haraka haraka, yule mwingine akazunguka, wakatazama wote wawili, wakatikisa kichwa, wakaendelea. Walifanya hivyo miaka yote ile bila kugombana.

"Tungejua luga moja," aliniambia, "njo tungegombana."

Hadithi yake niliyoipenda zaidi ni ya wagoni iliyopotea. Waingereza waliidai, stesheni zikaulizana, hakuna aliyeiona. Papa akatumwa kuitafuta njia nzima. Akaikuta kwenye stesheni ndogo katikati ya pori, kwenye reli ya pembeni iliyoota majani, ina pazia mlangoni na kuku chini ya magurudumu. Ndani aliishi mama mkwe wa mkubwa wa stesheni, na alikuwa ameipaka chokaa. Papa alivua kofia, akamwambia kwa adabu zote, "Mama, nyumba yako iko na kwao." Yule mama akamjibu kwamba yeye pia ana kwao, na kwao ni hapo. Mwingine angeita polisi. Papa aliuliza msumeno uko wapi, akaenda kukata miti, akamjengea mama yule nyumba, na wagoni haikuondoka mpaka paa lilipoezekwa. Wakubwa wake walimkaripia vikali kwa kuchelewa. Alilikubali karipio lile na hakujuta hata siku moja.

Ndivyo alivyokuwa. Kwa vitu alikuwa mkali mpaka ukereke, kwa watu alikuwa laini mpaka wamchezee. Na vitu vyake mwenyewe alivipoteza ovyo. Kofia yake ya reli aliisahau kila mahali, kanisani, kwangu, kisimani, na sisi majirani tuliirudisha kwa zamu huku tukimuuliza, "Iko ya nani?" Jumapili moja katekista alituhubiria habari za mchungaji aliyewaacha kondoo wake wote akaenda kumtafuta mmoja aliyepotea. Papa Pwantere, kwenye benchi la mbele, akasema kwa sauti, "Na ule kondoo hakukuwa na alama." Katekista alishindwa kuendelea kwa kucheka, na tukaenda moja kwa moja kwenye sadaka.

Sasa niseme habari ya bidoni, madebe yetu ya sokoni, maana hapo ndipo aliponibadilishia maisha, mimi na wachuuzi wote wa upande wetu.

Sisi wa Kingi na Lushebere tulikuwa tukishuka na maharagwe, njegere na viazi mpaka soko la katikati, pale milima inapokwisha na pori la Walikale linapoanza. Watu wa msituni walipanda mpaka hapo hapo na mawese yao, nyama kavu na samaki. Bidoni za bati zilikuwa adimu, na kila mtu aliishikilia yake kama mtoto. Kwa hiyo mafuta yalimiminwa. Mama wa Pinga, kule msituni, anainamisha bidoni yake juu ya bidoni yangu, mimi nashika faneli la jani la mgomba, na mvua inanyesha, na mwingine anatusukuma. Mafuta yalimwagika mpaka ardhi ya soko ikawa nyekundu. Kisha ugomvi: huyu amenimiminia povu, yule ameacha yaliyoganda chini. Nguo zetu za soko hazikutakata.

Papa Pwantere alishuka nasi mara moja kununua samaki. Alisimama akatutazama, na nikaona inamuuma.

"Hii niliona Katanga," alisema. "Kuko fasi reli mbili hazilingani upana. Wagoni inashindwa kupita. Batu banatoa muzigo yote ku wagoni hii, banaingiza ku ile, siku nzima. Inavunjika, inaibiwa, inaloa. Lakini nyie hamuna shida ya upana! Bidoni ya Pinga inaweza kulala Kingi. Sababu gani munahamisha mafuta? Muhamishe bidoni."

Tulimcheka. Bidoni yangu iende kulala Pinga, nyumbani kwa mtu nisiyemjua hata jina? Mama mmoja wa Lushebere, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde, akamwambia, "Papa, wagoni haiwezi kufichwa chini ya kitanda. Bidoni inaweza."

"Njo maana kuko alama," akasema.

Akaanza na bidoni yangu. Kwa msumari akachora mlima, yaani bidoni hii ni ya Masisi, na chini yake mguu wa kuku, yaani ni yangu. Bidoni za msituni alizichora mti, na chini ya mti alama ya mwenyewe: kisu, kinu, samaki, kila mtu alichopenda. Kisha akatufundisha sheria, soko baada ya soko, mpaka hata watoto waliijua. Unampa mwenzako bidoni yako yenye maharagwe, anakupa yake yenye mafuta, hakuna kumimina. Iliyolala kwako unaiangalia. Ikitoboka unaiziba, ikiharibika kabisa unatafuta nyingine. Hupeleki bidoni ya mti kuchotea maji ya kwenu. Na inaporudi kwao ibebe kitu.

"Isirudie tupu!" aliita, akipita kati yetu na nyundo yake, akigonga kila bidoni kusikia kama ina ufa. Watu wa Walikale waliitika kwa moyo, maana hiyo tayari ilikuwa desturi yao na yetu. Nani kati yetu amewahi kumrudishia jirani sahani tupu? Tulikulia katika aibu hiyo. Yeye aliitia nguvu ya reli tu.

Ikafanya kazi. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kama mtu aliyeondolewa mzigo mgongoni. Bidoni yangu ilikwenda msituni ikarudi na mafuta masafi, na nguo zangu zikatakata. Siku moja niliikuta imezibwa tundu ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Mtu wa Pinga, nisiyemjua, alikuwa ameliziba kwa utomvu wa mti wa huko, akalipaka vizuri kwa kidole. Mpaka leo sijui ni nani, na nampenda.

Binti yake, Veronika, alimpata mume kwenye soko hilo hilo. Kijana alikuwa wa upande wa Pinga, mwindaji na mkwezi wa michikichi, mpole, mwenye alama ya kinu. Papa aliuliza yote aliyopaswa kuuliza na akaridhika. Kwetu binti akiisha kuolewa mbali hukaa kwanza kwa wakwe, kisha siku ya kurudi kusalimia mara ya kwanza huja na mzigo wa kwao mume: mafuta, nyama, jogoo, kila watu walichojaliwa. Mzigo huo ndio unaowaambia majirani kwamba mtoto amepokewa vizuri. Kwa hiyo siku ya kumsindikiza, tulipofika pale njia inaposhuka, mama wengine walilia na kumpa maneno ya baraka. Papa Pwantere, mwenye uchungu wake na asiyejua pa kuuweka, alijitia mzaha. Alitoa chaki, akamchora mwanawe mlima mdogo kwenye kitambaa cha bega, akasema kwa sauti ya soko, "Sasa uko na alama. Utarudia kwenu. Lakini, Vero, usirudie tupu!"

Tukapiga vigelegele. Veronika alicheka na machozi yake, akaenda.

Hakurudi. Msimu wa kwanza tulisema ni mapema. Wa pili tukasema labda ana mimba. Salamu zilikuja kupitia watu wa soko, yuko mzima, anawasalimu, atakuja. Papa alitengeneza kiti kipya cha ubao, kipana, akakikalisha karibu na mlango, na mtu akikikalia alimsogeza taratibu kwenye kingine. Siku za soko alishuka nasi hata kama hana cha kununua. Aligonga bidoni zake, lakini uso wake ulielekea njia ya msituni. Mtu aliyejua bidoni ya kila mama imelala kwa nani alikuwa hajui kwa nini mtoto wake haji. Nilimhurumia, nikampelekea mayai.

Kisha bidoni nazo zikaacha kurudi.

Ilianza polepole. Watu wa Walikale walipungua sokoni. Waliokuja walikuja na samaki kidogo, bila mafuta, na waliuliza habari zetu wakitazama chini. Tulisikia kwamba wanaume wengi wa upande ule wamechukuliwa kwenye machimbo ya bati. Bidoni zetu zenye mlima zilikuwa zote huko, na sisi tulibaki na za mti chache zilizokuwa kwetu. Soko likapita, likapita jingine. Mama wa Lushebere akapaza ile sauti yake.

"Batu ba pori bamekula mabidoni yetu! Hizi za kwao zenye ziko huku, tufute muti, tuchore mulima. Biishe."

Wengi walimkubali. Msumari ulikwisha kutolewa. Nilimwona Papa Pwantere anasimama, akaufunika msumari ule kwa kiganja. Tulijua sote anachowaza. Tukifuta alama zile, hakuna mtu wa msituni atakayepanda tena, wala wetu atakayeshuka, na Veronika yuko upande wa pili. Njia ile ingefungwa na yeye asingemwona tena mwanawe.

"Munipatie soko moja," alisema. "Moja tu. Nitaenda kuona wagoni zetu."

Tulikwenda watu watatu, yeye, mume wangu na mimi. Kila mmoja alibeba bidoni yenye alama ya mti, imejaa maharagwe, kwa sababu hata katika hali ile hakukubali tushuke na za watu tupu. Mume wangu alibeba pia chakula cha njiani, mimi nilibeba hasira yangu, na Papa alibeba nyundo. Njia ya Pinga ni ya matope, ya miti iliyolala na mito isiyo na daraja. Papa alikuwa mzee, tulimsubiri mara nyingi, na kila tulipomsubiri alitukuta akiuliza kama bidoni ziko sawa.

Tulimkuta Veronika anapalilia mihogo nyuma ya nyumba. Alipomwona baba yake aliangusha jembe na kuja mbio, kisha katikati ya uwanja akasimama, akashika kitambaa chake kwa mikono miwili. Aliaibika. Mtoto aliaibika mbele ya baba yake, na mimi moyo ukaniuma papo hapo.

Tulisalimiana. Papa akauliza alichozoea kuuliza.

"Mabidoni ya mulima iko wapi?"

Veronika akatuongoza mpaka nyumba ya jiko. Zilikuwa humo zote. Zilikuwa zimeoshwa, zimegeuzwa midomo chini juu ya uchaga, mbali na maji na panya, na alama zao zimesuguliwa kwa majivu mpaka zikang'aa. Niliuona mguu wangu wa kuku. Karibu yake kulikuwa na ya mama wa Lushebere. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wamezileta kwake moja moja, kwa sababu yeye ni mtoto wa Pwantere.

"Sasa juu ya nini hamuzirudishe?" mume wangu akauliza.

"Ziko tupu, Papa," Veronika akamjibu mume wangu kwa heshima. "Banaume bote bako ku machimbo. Hakuna wa kupanda juu ya michikichi, mise, ile matunda yake, inaoza kule juu. Mafuta haiko. Tungezirudisha na nini? Mama ba huku banasema ni matusi, kurudishia muntu chombo tupu. Banangoja banaume barudie, mafuta ipatikane, zijae." Akamgeukia baba yake. "Ni weye ulisema, Papa. Isirudie tupu. Na miye vilevile uliniambia. Bwana yangu iko ku machimbo, jogoo tulikula, mafuta haiko. Nilikuwa nangoja nipate kitu. Nitafika kwenu na nini? Majirani batasema nini?"

Papa Pwantere alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Alishika nyundo yake, akaigeuza, akaiweka chini.

"Nimekosa," alisema. "Mwanangu, nimekosa sana. Nilibafundisha nusu."

Kisha akasimulia jambo ambalo miaka yote ile, na hadithi zote zile, hakuwahi kulisimulia. Kwamba shaba haikutosha kila wakati. Kulikuwa na majira ambapo makaa yalikuja na hakukuwa na cha kurudisha. Basi wagoni za Waingereza zilifungwa pamoja, milango wazi, hakuna kitu ndani, treni nzima ya tupu, na ilikuwa na saa yake ya kuondoka kama treni nyingine yoyote. Mwenzake wa upande wa pili aliipokea akaigonga gurudumu kwa gurudumu, bila kukunja uso.

"Sababu kule kwao banaingojea," Papa alisema. "Wagoni yenye iko tupu bado iko wagoni yao. Ikibakia kwetu sababu ya haya, kule makaa inabakia chini, batu banakosa kazi. Mi sikupenda kuisema. Pwantere hapendi habari ya tupu. Nilipenda kusema ya zile zenye zilijaa, nionekane muntu muzuri." Akafuta macho kwa kiganja. "Kile kiti yako niliitengeneza, Vero. Sikuitengenezea mafuta."

Nililia. Mume wangu anasema hakulia, na mimi namwachia hilo.

Wazee wa pale walituita, wakasikiliza, wakanong'onezana. Desturi haivuki kwa maneno ya mgeni mmoja. Mwishowe mama mkwe wa Veronika, mwanamke mfupi asiyependa mambo marefu, alichuma jani la mgomba, akalikata vipande vidogo, akaweka kipande kimoja ndani ya kila bidoni. "Haziko tupu," akasema. "Twende." Naye akabeba zake mbili.

Safari ya kurudi ilisikika kabla ya kuonekana. Bidoni tupu zikigongana mgongoni zina kelele isiyoelezeka, na sisi tulikuwa msafara mzima sasa, wanawake wa Pinga mbele na nyuma. Sokoni walitusikia tangu tuko bondeni, wakatoka wote. Mama wa Lushebere aliitafuta yake, akaichungulia ndani, akatoa kipande cha jani, akaigeuza kutafuta kutu. Hakukuwa na kutu. Akaiweka mapajani.

"Bameichunga kuliko miye," alisema. Kisha akaijaza njegere, akampa mama mkwe wa Veronika abebe mpaka Pinga. Mafuta, akamwambia, yatakuja yakipatikana. Ule msumari sikuuona tena.

Veronika aliingia Kingi mchana kweupe, mikono mitupu, baba yake akitembea mbele na kofia imekaa sawa kichwani. Kama kuna jirani aliyenong'ona, alinong'ona ndani ya nyumba yake. Akakalia kile kiti. Nilichinja kuku, na huyo ndiye kuku pekee ambaye Papa hakuniuliza ni wa nani. Tangu siku ile alikuja kila alipopata njia, mara na mafuta, mara bila, na wanaume waliporudi kutoka machimbo bidoni zilipanda zimejaa kama zamani. Papa aliendelea kuita "Isirudie tupu!" sokoni, lakini sasa aliongeza kwa sauti ndogo, "Na tupu irudie." Tulimtania kwamba reli yake imebadilisha sheria.

Mara ya mwisho niliyomtembelea ni wakati watu walipoanza kuzungumza habari za uhuru. Sisi tulikuwa tumehamia Lushebere, na mwaka ule ulitupiga. Ugonjwa ulimaliza kuku wangu wote, maharagwe yakaoza kwa mvua, na mume wangu alikuwa kitandani. Nikasikia kwamba Papa Pwantere haoni tena vizuri na hatoki nje. Niliondoka hivyo hivyo, lakini nilipofika kwenye kona ya nyumba yake nilisimama. Miaka yote ile hatukuwahi kuingia kwa mwenzetu bila kitu mkononi. Nilitazama pembeni ya njia kama kuna hata boga la kuomba. Hakukuwa na kitu. Nikaanza kugeuka.

Alikuwa amekaa barazani, kwenye kile kiti, blanketi mabegani. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yalikuwa ya mtu wa kugonga magurudumu. Aliinua kichwa.

"Kuko kitu imesimama pale ku njia," alisema. "Iko ya nani?"

Veronika alitoka ndani na unga mikononi, amekuja kumuuguza. Akaniona mimi, akaiona na mikono yangu.

"Iko ya kwetu, Papa," akasema.

"Imebeba nini?"

"Haibebe kitu."

Mzee akasogea taratibu upande mmoja wa kile kiti, akapigapiga ubao kwa kiganja.

"Basi iingie," akasema. "Tuliingojea."